Nilivyong'oa Mlamula wa Kokugonza

Nyakatuntu, Kyerwa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usinijibu "sijambo, mwanangu" kama kawaida yako, maana Zuhura ameshaniambia kwamba viatu havikuingii. Nataka ukweli. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Ndizi nakula asubuhi, mchana na jioni, na baridi ya huku nimeizoea.

Na wewe Zuhura, dada yangu, unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mahali ukiona nimejiaibisha. Wiki tatu sasa nashindwa kuyasema haya kwenye simu. Nikisikia tu sauti ya Mama, basi, kila kitu kizuri, mradi unaenda.

Mama, najua unawatangazia majirani wote wa Muheza kwamba mwanao ni meneja. Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Meneja wa mradi hachimbi, haungi mabomba, wala hachori ramani. Wapo wenye kazi hizo. Mimi napanga: nani aanze, nani amfuate, mabomba yafike lini, mtaro ufukiwe kabla mvua za vuli hazijashika. Nawaongoza watu wote hao, wengine wamenizidi umri. Kazi ikienda vizuri husifiwa wakubwa wa Dar es Salaam. Ikiharibika naitwa mimi, nijibu. Hapo pa kujibu ndipo nilipokimbia.

Mradi wetu ni wa maji. Kuna chemchemi kilimani, tunayashusha kwa bomba hadi huku chini kwa watu. Mahali pamoja njia ilipita kwenye mashamba mawili ya migomba, la Byarugaba na la mjane wa marehemu kaka yake, anaitwa Kokugonza. Nikaamua bomba lifuate mpaka, katikati ya mashamba hayo, nisimkatie mtu migomba yake. Nilijiona mwerevu kweli! Hata kwenye ripoti niliandika kwamba hakuna atakayeathirika.

Pale mpakani palikuwa na mstari wa mimea mirefu yenye majani membamba. Wenyeji wanaiita mlamula. Deusi, msimamizi wa vibarua, mzaliwa wa hapa hapa, alinifuata.

"Bosi, hii haing'olewi hivi hivi. Waitwe wazee wa pande zote mbili, wasimame, waone."

"Itachukua muda gani?"

"Siku nne, tano. Watu wapo kwenye kahawa."

"Deusi, mimi nina ratiba. Ng'oeni hayo majani."

Hayo majani! Mama, huku mlamula ndiyo hati ya shamba. Hupandwa mbele ya mashahidi, na hausogezwi ila mbele ya mashahidi. Miaka yote niliyosoma sikufundishwa hilo, na siku niliyofundishwa na Deusi sikutaka kusikia. Kwa asubuhi moja tuliing'oa yote, tukachimba, tukalaza bomba, tukafukia. Niliwahi ratiba kwa siku mbili na mkurugenzi wetu wa Dar es Salaam akanipigia kunipongeza.

Haukupita mwezi, Byarugaba akapanda milamula mipya, peke yake, siku ya mnada watu wakiwa sokoni. Hakuipanda pale tulipong'oa. Aliisogeza hatua kumi ndani ya shamba la Kokugonza. Kahawa yake ikamezwa, na kaburi la mumewe pia, maana huku watu huzikwa shambani kwao. Byarugaba akasema bomba la serikali lilipita ndani ya shamba lake yeye, na mpaka ulikuwa kule mbele tangu zamani. Wazee walioshuhudia mpaka wa kwanza wameshakufa. Waliobaki wanamwogopa.

Kokugonza alikwenda baraza la kata, nikaitwa kuwa shahidi. Na ushahidi ninao, Mama! Wapimaji wetu walipopita mwanzo waliweka alama kwa kila mmea wa kuondolewa. Ramani ipo kabatini kwangu, mlamula mmoja mmoja, kutoka barabarani hadi bondeni. Nikampigia mkurugenzi. Akaniambia hivi: "Ukitoa hiyo ramani umekiri kwamba tuling'oa mipaka ya watu bila kuwaita. Mradi utasimamishwa na wewe utarudi kwenu. Chagua."

Nilichagua, Mama.

Mwenyekiti wa baraza aliniuliza, "Meneja, mlifuata mpaka, au mlipita ndani ya shamba la Byarugaba?"

"Tulifuata ramani," nikasema.

"Na ramani inaonyesha mpaka?"

"Haionyeshi."

Kokugonza hasikii Kiswahili vizuri, kwa hiyo Deusi ndiye aliyekuwa anamtafsiria. Deusi aliyeng'oa kwa amri yangu! Alinitazama, akautafsiri uongo wangu neno kwa neno. Ana watoto watano na kibarua chake nimekishika mimi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja, wenyeji wameugua.

Baraza likampa Byarugaba kipande kile. Mwenyekiti akamuuliza yule mama kama ana neno la kuniambia. Nilijiandaa kulaaniwa, na ningeshukuru. Akasema maneno machache kwa Kinyambo, watu wote wakainamisha vichwa. Nikamuuliza Deusi amesema nini. Hakutaka kuniambia, nikamng'ang'ania.

"Anasema mwacheni aende zake. Na yeye ana mama yake huko kwao, anamtegemea."

Maji yamefika, bomba liko hatua chache kutoka mlangoni kwake, na yeye bado anateremka bondeni na dumu lake. Nampita njiani, ananisalimu.

Leo asubuhi nimeitoa ile ramani. Nimeandika pembeni yake kwamba tuling'oa mlamula kwa amri yangu na kwamba barazani nilisema uongo. Nimetia saini. Kesho naipeleka kwa Kokugonza pamoja na Deusi, aende nayo wilayani kukata rufaa. Sijui kama watamsikiliza. Ninachojua ni kwamba mkurugenzi atasikia kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo ukiniona naingia na mabegi yote, usishtuke, na usinitetee kwa majirani.

Nisalimie Mjomba Shabani, mwambie baiskeli yangu aiuze tu. Msalimie maalimu aliyenifundisha Kurani, ila haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Shangazi wa Lushoto mpe salamu nyingi. Zuhura, ahsante kwa kusoma. Kama Mama analia, mpe maji kwanza.

Na wewe Mama, leo ukimaliza kuswali, muombee Kokugonza kwanza. Mimi uniombee baadaye, ukiona nastahili.

Mwanao,
Mbaraka