Dumu Hili Lilibeba Nini?

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Najua macho yako hayasomi tena, na kwamba Yohana ndiye atakayekusomea barua hii hapo Gehandu, wifi na watoto wakisikiliza. Ndivyo nilivyotaka. Yohana mdogo wangu, usiruke mstari.

Baba, unalikumbuka tangi la samaki? Ulikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la ngano la serikali, nami nilikuwa darasa la pili. Ulichukua vioo vya kombaini iliyokufa, ukavikata, ukaviunganisha kwa gundi nyeusi, halafu ukaniletea perege sita wadogo kutoka Ziwa Basotu ndani ya sufuria. Katika nyumba zote za wafanyakazi hapakuwa na mtoto mwenye kitu kama kile. Siku ile nilikupenda mpaka nikashindwa kula.

Siku tisa samaki waliogelea vizuri. Jumamosi maji yakaanza kuwa na ukungu, nikakuomba uyabadilishe. Ulirudi kutoka kazini na dumu begani, ukamwaga maji yote ya zamani, ukajaza mapya. Asubuhi, kabla ya ibada, wote sita walikuwa wanaelea tumbo juu.

Majirani walikuja kuangalia. Ulinishika mkono wa kulia, ukauinua wauone.

"Amewalisha pumba mpaka wamekufa," ulisema. "Mkono huu unaua."

Nilikuwa nimewapa pumba kidogo za kushikwa kwa vidole viwili, kama ulivyonionyesha mwenyewe. Niliapa, nikalia. Mama akaniambia ninyamaze tusije tukachelewa kanisani.

Mwaka uliofuata ng'ombe wetu mwekundu alizaa. Zamu ya kuonyeshwa ndama, yaani kupewa awe wako, ilikuwa yangu, mimi mtoto wa kwanza. Ulisimama zizini ukanipita, ukamwonyesha Yohana, ambaye alikuwa bado anakojoa kitandani. Unisamehe Yohana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipouliza, ulisema ndama hapewi mtu aliyeua samaki. Kundi lote lililopo hapo kwenu leo ni uzao wa yule ndama, na mimi hata vifaranga sikukabidhiwa. Nilipojifungua Upendo, wiki nzima nilimbeba kwa mkono wa kushoto, nikiuogopa huu wa kulia. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Basi mwezi wa saba nilimkuta yule mzee aliyekuwa akitunza stoo ya dawa shambani, amekaa kwenye benchi hapa Haydom akisubiri basi la kurudi Balangdalalu. Nilimsalimu, tukakumbushana ya zamani, akaniuliza kwa utani kama bado nafuga samaki.

"Mimi nilimwambia baba yako kwamba lile dumu ni la dawa ya magugu," alisema. "Akasema atalisuuza. Jumapili akaja kuniomba nisiseme."

Maskini, alidhani nilishajua. Nilimnunulia chai. Kumbe ulijua, baba. Ulijua Jumapili ileile, na pale zizini ulijua pia. Kukosea dumu ningekusamehe, maana nani pale hakuwahi kuchota maji kwa dumu la shambani? Lakini kuusingizia mkono wangu, hilo sikusamehe.

Kwa hiyo nimemtengenezea Upendo tangi. Ana miaka sita, alikuwa ananiomba paka. Nimelitengeneza kwa hasira, na kila hatua nilikuwa nakusuta. Vioo vimekatwa na fundi wa madirisha. Nimeliweka mbali na jua, juu ya meza isiyoyumba. Mwezi mzima halikuwa na samaki, maji yametulia tu na changarawe na majani ya ziwani, huku Upendo akinung'unika kwamba mama amemnunulia maji. Kisha nikaweka perege wawili tu, tena wadogo. Wakikua watahamia kwenye bwawa la shule, nimeshaongea na mwalimu mkuu. Kila Jumamosi tunabadilisha robo ya maji, si yote, kwa ndoo moja ambayo haijawahi kuonja hata sabuni. Upendo ndiye anayelisha, mara moja kwa siku, nami nimesimama pembeni. Analisha kwa mkono wa kulia. Sasa ni mwezi wa tatu tangu waingie, na wote wawili wazima.

Nimemfundisha sheria moja kubwa kuliko zote: kila anayeleta maji aulizwe chombo chake kilibeba nini kwanza. Mtoto hacheki na mtu. Mchungaji alikuja na ndoo akitaka kumfurahisha, naye akaulizwa, akajibu.

Krismasi mtakuja kwetu kama kawaida. Kiti chako nimekiweka mbele ya tangi. Majirani nao nimewaalika, kwa sababu mambo ya samaki katika familia yetu huamuliwa mbele ya majirani. Upendo sijamwambia lolote baya juu yako, anakupenda. Nimemwambia tu kwamba maji ya siku hiyo yataletwa na babu.

Kaa salama mpaka hapo, baba. Yohana atakubebea dumu. Kujibu, utajibu mwenyewe.

Binti yako wa kwanza