Safari ya Pili Nyuma ya Mwamba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa idhini ya mkuu wa kituo. Kikundini huitwa Mwalimu.
Jinsia na umri: mwanamke, miaka 68
Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: nyumba ya pili kutoka kona, barabara ya nyuma ya soko
Yamechukuliwa: kituoni, Jumatatu, saa tatu asubuhi

Kabla ya yote naomba radhi kwa ukimya wangu. Mdogo wangu alipofariki ufuoni mwaka jana, afisa wa kituo hiki aliniuliza kama nilikuwa na neno la kuongeza, nikatikisa kichwa. Nilipoitwa mara ya pili sikuja. Neno nilikuwa nalo, lakini lilikuwa neno la marehemu, nami sikuona ni nani angelipokea. Sasa ninalo la mtu aliye hai.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, mdogo wangu wa tumbo moja. Mume wake, ambaye humu nitamtaja kuwa Shemeji, ni mtunza ghala mstaafu na ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kutembea kwa miguu. Wenzetu humwita Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza hata mtumbwi.

Kikundi chetu kina desturi moja isiyovunjwa. Mtu mmoja hutembea nyuma ya wote akiwa amevaa kizibao cha manjano, naye huitwa mfunga safu. Kiongozi akifika mahali pabaya husimama, wala hapiti mpaka akione kizibao kile kwa macho yake mwenyewe.

Mwaka jana mfunga safu alikuwa mdogo wangu. Mimi nilibaki nyumbani kwa homa. Ufuo waliokwenda umejificha nyuma ya mwamba uliojitokeza baharini. Njia ya kuufikia ni moja tu, chini ya mwamba huo, nayo hupitika maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa kurudi watu wote walipita isipokuwa yeye, maana goti lake lilikuwa bovu. Maji yakafunga njia. Alipatikana kesho yake, kizibao kikiwa kimefungwa vifungo vyote. Hakuwahi kuacha kifungo wazi tangu utoto.

Shemeji aliandikisha hapa kituoni kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kufika ufuo ule, na kwamba hakujua kuwa maji hufunga njia. Maelezo hayo nilisomewa. Jambo likachukuliwa kuwa ajali. Lakini siku chache kabla ya safari, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni pangu, nami nikamwonya juu ya bahari. Akanicheka. "Dada nawe! Mume wangu kakulia huko huko. Hakuna mwamba asioujua." Hilo ndilo neno nililokaa nalo.

Kabla mwezi haujaisha, Shemeji aliniletea cherehani ya marehemu, akisema inamjazia sebule.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba anapanga kuwapeleka watu ufuo ule ule. Nikaitoa sebule yangu kwa ajili ya kikao. Wapo waliosema kwamba nimesamehe. Sikuwasahihisha.

Mnamo tarehe 9 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, tulikutana kwangu watu wanne: Shemeji, kinyozi wa barabara yetu, muuguzi wa zahanati, na mimi. Nilipika chai. Ya Shemeji niliitia sukari nyingi, kama apendavyo. Alipiga mafunda mawili, kisha akaweka kikombe juu ya cherehani ya mke wake. Nilikitazama.

Alikuja na kizibao kipya, kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Kinyozi akasema, "Kapteni, hicho nipe mimi. Kwa tumbo hili hata rubani ataniona." Tulicheka. Mimi nikasema kwamba afadhali kiongozi mwenyewe afunge safu mara hii, kinyozi atangulie.

"Hapana, Shemeji," akajibu upesi. "Siku hizi goti linanisumbua."

Muuguzi aliinamisha uso. Mimi nikammiminia Shemeji chai nyingine.

Hapo ndipo nilipotega. Nimemfahamu Shemeji miaka mingi, na tabia yake naijua: anaweza kuficha mengi, lakini hawezi kukaa kimya mtu mwingine akipanga vibaya jambo analolijua yeye. Hata kwenye msiba wa mke wake aliinuka kupanga upya viti. Basi nikasema kwa upole, "Mimi naona tusijichoshe. Tuondoke saa nne, tule kule kule, turudi polepole saa tisa, jua likishapungua makali."

"Saa tisa!" akaruka. "Shemeji, unataka kutuzika? Siku hiyo ikifika saa nane, pale chini ya mwamba hapapitiki."

"Mbona nasikia mchanga huonekana mpaka jioni?"

"Huo mchanga ndio unaodanganya watu. Maji huingia kwanza kwenye korongo, pale njia inapopinda. Wewe uko ufuoni, unaona pakavu, unajikokota, kumbe kwenye kona pameshajaa. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunapawahi hapo kila likizo. Ukichelewa kidogo tu, kwisha habari yako."

Kinyozi alikuwa ameinua kikombe. Hakukinywea. "Kapteni," akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha, "si ulisema mwaka jana ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza?"

"Mwaka jana ni mwaka jana, bwana. Tunapanga ya mbele."

"Mimi nina swali la mwaka jana," akasema muuguzi. "Pale kwenye kona nilikuuliza, tumsubiri mkeo? Ukaniambia umekiona kizibao kinakuja."

"Nilidhani nimekiona."

"Ulidhani?"

"Jamani, alikuwa anajikokota tangu asubuhi! Kila safari ni goti, goti. Tungesimama pale wote tungelowa!"

"Tungelowa," muuguzi akarudia, taratibu.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye mtu mzima hapa. Waambie hawa yaishe."

Nilimwambia aondoe kikombe chake juu ya cherehani. Alikiondoa. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, chai ikamwagikia kitambaa ambacho mdogo wangu alikuwa akiifunikia cherehani hiyo. Nilifurahi kuuona mkono ule ukitetemeka. Naomba afisa aliandike neno hilo kama nilivyolisema.

Shemeji alitoka bila kuaga, akakiacha kizibao kitini. Safari imefutwa. Muuguzi na kinyozi wako nje kwenye benchi, wakingoja kuandikisha ya kwao.

Jana Shemeji alimtuma kaka yake aniombe tuyamalize kifamilia. Nilimjibu kwamba familia yangu ilikuwa mdogo wangu. Kisha nilimwuliza kama ni kweli kwamba likizo zao walikuwa wakienda ufuo ule. Alitazama viatu vyake, akasema hilo atalijibu akiulizwa na polisi. Basi naomba aulizwe.

Afisa ameniuliza kama nina chuki na mtajwa. Ndiyo, ninayo, nayo ni kubwa. Sikumwita kwangu kwa ajili ya usalama wa watu peke yake, na nisingependa mtu yeyote anisifu kwa hilo. Zipo siku nilizotamani aachwe pale mwambani, maji yakija, avae kizibao na asionwe na mtu. Nikaona kwamba hiyo ingekuwa nafuu kwake, maana maji yangemmaliza upesi, na aliyekufa haulizwi maswali. Nataka aulizwe. Nataka asimame mbele ya watu wanaomfahamu, aeleze jinsi alivyoogopa kulowa.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na niliyoyataka sikuyaficha. Nimeyasema kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

(Sahihi ya shahidi)

Dokezo la afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyosemwa. Shahidi ameyasoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, akasahihisha makosa yangu matatu kwa kalamu yake, akatia sahihi kando ya kila moja. Amekabidhi kizibao kimoja cha manjano, kipya. Aliuliza kama jalada la mwaka jana litafunguliwa upya. Nilimweleza kwamba hilo si la kuamuliwa na mimi na kwamba huenda likachukua muda. Alijibu kwamba yeye anajua kusubiri. Nimemwahidi kwamba uamuzi ukishatolewa, uwe wowote, nitamwandikia mimi mwenyewe.

(Sahihi ya afisa)