Saba ya Kopa

Mlimani, juu ya Nyanza-Lac
Novemba 1996

Mdogo wangu mpendwa Petero,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Iradukunda na kichanga chetu, na kwamba homa hapo kambini zimepungua. Je, hema bado linavuja upande wa kichwani? Uliahidi kulishona, na kwa jinsi ninavyokujua hujalishona. Mimi bado napumua, namshukuru Mungu kwa hilo. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule yetu ya Bangwe, cha enzi za ukimbizi wa baba, maana huku barua ya Kirundi ikikamatwa njiani kila mwenye bunduki anaisoma.

Aliyekuletea karatasi hii ni Mama Feliksi, mchuuzi wa maharage, na mtoto aliyemshika mkono ni mwanao Ella. Najua umeshamwona kabla hujaifungua, lakini nimetaka niandike kwa mkono wangu kwamba ni yeye. Usishtuke kwa ule wembamba, wala kwa kichwa kitupu; tulimnyoa kwa sababu ya chawa. Hasemi sana. Anakula polepole na anaficha chakula kwenye nguo, msimgombeze.

Mama yetu hayupo tena, Petero. Alifariki kabla sijafika. Leonardi, jirani yetu wa zamani, ananiambia alianza kuharisha wakiwa msituni, na kila alichopata alimpa mtoto. Amemzika nyuma ya migomba yake, katika blanketi. Nilikwenda nikakaa pale, nikamwambia kwamba wewe na mimi tuko hai na kwamba umepata mtoto wa kiume. Nililia mpaka Leonardi akaniomba ninyamaze, maana sauti inafika barabarani.

Njiani kuja huku, mimi na wenzangu wa safari tulipita vizuri mpaka kizuizi cha mwisho. Nilivyokuambia ndivyo ilivyo: wanaume wanashushwa pembeni, wanawake wanaulizwa maswali. Wote walioshushwa sikuwaona tena. Mimi niliulizwa, nikajibu ujinga, wakanicheka wakaniachia. Risasi niliipata baadaye, tukiwa tumeshaanza safari ya kurudi na Ella, kwenye shamba la mihogo. Aliyepiga simjui, na sidhani kama alikuwa ananilenga mimi. Ilinipata chini ya goti. Leonardi, aliyekuwa anatusindikiza, akanibeba mgongoni kuturudisha kwake, akatuficha kwenye shimo lake la kuivishia ndizi, akafunika kwa majani ya mgomba.

Humo shimoni ndimo karata zilimotusaidia. Mtoto alikuwa anatetemeka, na watu walikuwa wanapita juu yetu wakiongea. Nikazitoa kifuani nikamfanyia ule mchezo wangu, kwa mwanga uliopenya kwenye majani, bila kusema neno, kwa ishara tu. Alikata, nikamwonyesha karata yake, akashangaa. Alitaka tena na tena. Watu wakapita, wala hakulia.

Unamkumbuka Hamdani, yule muuza sabuni wa Ujiji aliyekuwa akija gulio la Kidahwe na kuvuta wateja kwa mazingaombwe ya karata? Mlinicheka sana nilipomwomba anifundishe. Wifi alisema mwanamke mzima, mwanakwaya, anashika karata kama mlevi wa kilabuni. Nilimfulia mashati yake, naye akanifundisha mchezo mmoja, ule wa wanaoanza. Alisema vidole vyangu ni vya jembe, havitajifunza kitu. Kweli mwanzoni zilinimwagika kila mahali. Siku moja zilitumbukia kwenye sufuria ya maharage, tukamwopoa jokeri kwa mwiko, nawe ukakataa kula. Ulidhani ni kichaa cha ukimbizi kinanianza. Watu wengi hapo walishaanza kuongea peke yao, nami nilikuona unavyoniangalia.

Hakikuwa kichaa, mdogo wangu. Nilimfuata Hamdani wiki ileile wageni waliofika na mtumbwi walipotuambia Ella anaonekana huku na mama, nawe ukaanza kutafuta viatu vya safari. Tuligombana sana, unakumbuka. Wewe ulisema mtoto ni wako, wa kumfuata ni wewe. Mimi nilisema utashushwa kwenye kizuizi cha kwanza, na mkeo atabaki na kichanga mgongoni bila mtu. Hukusikia. Ulikuwa mbishi tangu ukiwa na makamasi. Ndipo niliposema basi karata ziamue: ukikata nyekundu unabaki, ukikata nyeusi unakwenda. Ukakubali, kwa sababu uliamini kwamba hapo mkono wa Mungu upo na wangu haupo.

Wangu ulikuwepo. Sasa nisikilize vizuri. Unaweka karata unayoitaka juu kabisa. Mwenzako anakata, anaweka mkekani lile fungu la juu. Wewe unachukua fungu lililobaki, unalilaza juu yake kwa kukingama, kana kwamba unatia alama pale alipokata. Karata yako haijaenda popote, iko katikati hapo, juu ya fungu la chini. Kazi ni moja tu: asahau fungu lipi lilikuwa la juu. Na hasahau hivihivi. Hamdani alinifundisha kwamba lazima umuulize kitu, tena kitu kitakachomtoa macho mkekani.

Nilikuuliza Ella alikuwa amevaa nini siku tuliyopotezana. Ukainua macho, ukaangalia mlangoni, ukasema sweta ya njano yenye kifungo kimoja. Hapo ndipo nilipoinua fungu la juu nikakuambia tazama ulipokata, ni saba ya kopa, nyekundu. Uliipiga ngumi ile karata. Niliona aibu, Petero, kukutia mwanao machoni namna ile ili nikuibie zamu yako. Lakini naona aibu tu, sijuti. Ungekuwa wewe pale kizuizini, leo Ella hana baba, na mimi ningekuwa kambini nashona hema lako.

Usimwambie mtu tena kwamba Mungu alikuzuia, wala usijiite mwoga kama ulivyojiita tulipoagana. Hukuchagua kubaki. Nilikuchagulia mimi. Na ulikula kiapo kwamba maharage yakivunwa kabla sijarudi utanifuata. Kiapo hicho nakifuta kama dada yako mkubwa. Mguu umevimba mpaka pajani na unanuka, nisikudanganye. Leonardi anaingia shimoni amefunga kitambaa puani, anadhani sioni. Ukija hutanikuta. Kaa na mtoto wako.

Karata nimempa Ella, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge changu. Mchezo ameujua haraka kuliko mimi, vidole vyake havijashika jembe bado. Hamdani aliniambia mchezo huo usirudiwe kwa mtu yuleyule, na wewe sasa umeujua wote, lakini akikuomba ukate, kata. Nilimwambia kila mchezaji anatafuta swali lake mwenyewe la katikati. Amelitafuta, na hakuniambia mimi. Alimnong'oneza Leonardi, Leonardi ndiye aliyeniambia. Atakuuliza shangazi anakuja lini. Inua macho, Petero, umwangalie usoni, wala usiitazame mikono yake. Umjibu taratibu, mpaka amalize.

Nisalimie wifi, mwambie anisamehe yale maharage. Mbebe kichanga kwa niaba yangu. Wanakwaya wote wasalimie. Hamdani akipita Kidahwe mwambie mwanafunzi wake aliufanya vizuri, mara moja ilipohitajika. Mungu awalinde nyote hapo mlipo.

Ni mimi dada yako,
Ndayikeza