Ule mkono begani

Zaituni mjukuu wangu,

Salamu nyingi toka Buyenzi. Mama yako mdogo amemfuata mumewe Gitega, kwa hiyo nyumbani nimebaki na redio. Ile mashine ya kuingiza foto za zamani kwenye simu uliyonitumia inafanya kazi. Kila baada ya swala ya alasiri naipitishia foto moja moja.

Umeniuliza, kwenye ile foto yangu ya usichana niliyokutumia, ule mkono ulio begani mwangu ni wa nani, maana unataka kuufuta kwenye kompyuta ili nibaki peke yangu vizuri.

Ni wa dada yangu Mwajuma. Tulipiga foto hiyo kabla hajaenda kuolewa Uvira, tukapewa nakala moja tu. Mama akaikata katikati kwa mkasi wa kushonea, akatia kila nusu kwenye bahasha, akasema, "Kila mutu abebe sura ya mwenzake." Asubuhi ya safari, kwa vilio, tukachanganya bahasha. Nilipofungua yangu nikajikuta mwenyewe, na Mwajuma alishavuka mpaka wa Gatumba kuingia Kongo na sura yake. Akanitumia salamu kwamba tutabadilishana akija. Yaliyofuata nayaacha. Hakuja.

Miaka mingi foto hiyo ilinikera, kwani uso wangu ninao kila siku. Juzi ilipotokea kwenye simu nikaikuza, nikaona hina kwenye kucha zake, na pete ya mama. Nilikaa nao ule mkono mpaka adhana ya magharibi.

Basi futa mikwaruzo, futa na madoa ya maji. Mkono uache ulipo. Peke yangu nimeshakaa vya kutosha.

Bibi yako, Asha