Fimbo Mbili za Urefu Mmoja

Jumatano, 2 Shaaban 1330

Mwimo wa kulia wa mlango umekwisha, wa kushoto bado. Lali kachonga maua saba tangu asubuhi, yote safi. Mkono wake sasa unapita wangu, na nafurahi kuliandika hapa kwa kuwa kumwambia siwezi.

Alasiri barazani. Mazungumzo yale yale: harusi ya Alhamisi ijayo. Bwana harusi wetu sisi mtaa wa Mkomani, bibi harusi wa mtaa wa Langoni, na kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, kitachezwa uwanjani. Sisi tunamtoa mwanangu Lali. Wao wanamtoa Omari, yule anayekalafati majahazi. Bwana Athmani asema Omari hajui fimbo, anarukaruka tu, na Lali akimwachia pigo moja itakuwa kwa huruma. Bwana Athmani hajashika fimbo tangu azaliwe. Nikacheka. Kisha na mimi nikasema Langoni nzima hakuna wa kusimama mbele ya mwanangu kwa mapigo matatu. Nilisema mara mbili.

Jumamosi, 5 Shaaban

Nilikwenda Langoni kupima mlango. Nyuma ya nyumba walikuwa wanajizoeza. Omari anaonyesha kama atapiga kichwa, mwenzake anainua fimbo kujikinga, yeye anashuka kwenye vidole. Watu wanne, mmoja baada ya mmoja, hila ile ile, na kila mmoja alinaswa. Anawagusa tu, haumizi. Nilicheza miaka kumi na tano ujanani na sijaona mkono mwepesi kama ule.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Barazani wakaniuliza nimeona nini huko. Nikasema nimeona mlango.

Jumatatu, 7 Shaaban

Wenye harusi wameleta tawi la mkwaju. Ndiyo desturi: fimbo zote mbili zitoke tawi moja, mkono wa fundi mmoja, asije mtu akalalamika. Nimezikata, nikazilaza pamoja, nikapitisha kidole kwenye ncha. Sawasawa.

Lali alikuwa akinishikia. Akauliza bila kunitazama, "Baba, Omari hunishinda?"

Lali si mtu wa kuuliza. Nikamjibu, "Hakufikii." Ningesema nini, na nimeshajigamba mbele ya mtaa mzima? Ningeweza angalau kumwambia achunge vidole. Lakini hapo angeniuliza kwa nini.

Alhamisi, 10 Shaaban

Mapigo manne.

La kwanza Lali alimpata Omari begani. Watu wetu wakapiga kelele, Bwana Athmani akarusha kofia. Baada ya hapo Lali akawa anawachezea watu, anazunguka, anatabasamu. La pili na la tatu hewani. La nne Omari akaonyesha kichwa. Lali akainua fimbo. Nililiona kabla halijafika, na sikufungua mdomo. Safari hii halikuwa la kugusa.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Nzumari ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

Mkono wake wa kazi.

Ijumaa, 11 Shaaban

Mwunga mifupa amefunga vijiti. Asema siku arubaini, na cha shahada huenda kisikunje tena. Mama yake Lali ananihurumia, ananiletea kahawa. Siistahili.

Barazani kabla ya sala maneno yalikuwa kwamba Omari alivunja kanuni za mchezo. Baada ya sala yakawa kwamba fimbo ya Omari ilikuwa ndefu. Nani alizikata? Wakanitazama. Bwana Athmani akanishika bega kwa upole. "Fundi Shee, binadamu hukosea. Sema ulikosea kipimo, yaishe. Jina la Lali litasalimika."

Ananitakia mema, najua. Na nilishawishika. Kipimo kimoja kibaya watu watakisahau, na mwanangu atabaki bingwa. Nikaomba wanipe hadi kesho.

Jumamosi, 12 Shaaban

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia Lali yote. Nilichokiona Langoni, siku gani, mara ngapi. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya mto.

"Mbona hukunambia?"

Nikasema niliona haya, nilikuwa nimekwisha kusema barazani. Akageukia ukuta.

Alasiri nikazichukua fimbo zote mbili, nikazilaza juu ya jiwe la baraza. Pimeni, nikawaambia. Wakapima kwa shubiri, wakarudia kwa uzi. Sawa. Nikawaambia Omari ni bora kuliko Lali, na mimi nilijua tangu Jumamosi iliyopita. Bwana Athmani akasema mkwaju mbichi ukikauka hupungua, bila shaka ile ya Omari imepungua tangu Alhamisi. Wote wakaafiki. Nikaondoka.

Jumapili, 20 Shaaban

Nachonga peke yangu. Mwimo wa kushoto unakwenda polepole. Lali hunipa salamu, basi. Inauma.

Jumatatu, 28 Shaaban

Omari kaja tena kumjulia hali Lali, na halwa mkononi. Ni mara ya tatu. Lali alimkaribisha uani, akashika fimbo kwa mkono wa kushoto, akamtaka aionyeshe ile hila taratibu. Nilikuwa napiga msasa, nawasikia.

"Mato yako yako fimboni," Omari alikuwa akisema. "Tizama bega langu."

Wakarudia mara nyingi. Kila mara Lali alinaswa, na mara moja alicheka. Sikutoa maoni, ingawa nilikuwa nayo.

Omari alipokwenda zake, Lali akaingia karakana. Nyundo mkono wa kushoto, patasi ameibana kwa gumba na vidole vilivyo vizima. Akachonga ua moja kwenye kipande cha ubao. Lilimchukua muda mrefu. Akanisogezea.

"Baba, likoje?"

Nikamwambia limepinda.

Akalitazama. "Naam," akasema, akaanza jingine.