Saini za Ijumaa

Jumatatu, 3 Februari

Inatangazwa kwa umma wote, yaani kwa daftari hili, kwamba leo saa nne asubuhi karakana yetu imepata rasmi ndoano mpya ya kutundikia ovaroli. Nimeipigilia mwenyewe. Imekaa upande. Hakukuwa na hotuba.

Sababu ya ndoano: tumepata mwanagenzi! Nilikwenda chuo cha ufundi kulalamika kwamba vijana wao wanajua majina ya vyuma vyote lakini jokofu likizima wanaliangalia kama mgonjwa wa mtu mwingine. Mratibu wao, mama mmoja asiyeachana na mafaili, akanisikiliza, kisha akauliza mimi nimefundisha wangapi. Nikatoka na mkataba.

Siku mbili darasani, siku tatu kwangu. Kazi kumi na mbili za kujifunza, zimeorodheshwa. Kila wiki mwanagenzi anajaza kwenye daftari lake amefanya nini, mara ngapi, na Ijumaa mimi nasaini kwamba nimeona. Msimamizi wake ni Profesa, fundi wangu wa miaka kumi na tisa, ambaye hajawahi kuingia chuo chochote hata kwa kupotea njia.

Ni binti. Haongei. Kufikia mchana mafundi walishambatiza: Kimya.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Mafaili kapiga simu. Kumbe Ijumaa iliyopita nilisahau kusaini. Mkataba una kurasa tisa, nilisoma mbili, moja ikiwa ya majina. Nimesaini wiki zote mbili kwa mkupuo. Mke wangu kauliza kama nilisoma nilichosaini. Nikamwambia hata cheti chetu cha ndoa sikukisoma. Hakucheka kama nilivyotarajia.

Ijumaa, 21 Machi

Joto. Majokofu yanaingia kama wagonjwa wa kipindupindu. Profesa na tabia yake: akifika kwenye kuchomelea bomba la shaba, anawapa watu mgongo. Miaka yote. Kimya anamshikia taa, anaangalia shati. Nikamtania Profesa, je, huo mgongo nao unafundisha? Akasema yeye hakuonyeshwa na mtu, aliiba kwa macho. Tukacheka sote, isipokuwa mmoja.

Saini.

Jumanne, 13 Mei

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Wamemfelisha Kimya! Mtihani wa vitendo: unganisha mabomba mawili ya shaba, yajazwe presha, yasivuje. Yakavuja. Akapewa nafasi ya pili — akalichoma bomba likatoboka. Na daftari lake linasema kazi hiyo ameifanya mara arobaini na moja! Basi chuo kimeamua mwanafunzi kajaza uongo. Udanganyifu, wanauita. Jumatatu kuna kikao. Akionekana na hatia, anafukuzwa.

Udanganyifu! Wao walioahidi kuja kukagua kila mwezi! Wamekuja mara moja. Wakanywa soda, wakapiga picha na kompresa, wakaondoka. Nilimpigia Mama Mafaili nikamfokea hadi mteja aliyekuwa mlangoni akarudi na feni yake. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi sikumwona akichomelea, Mzee. Wewe ndiye uliyeandika kwamba ulimwona."

Nikakata simu. Mafundi nikawaambia mtandao ni mbovu.

Jumatano, 14 Mei

Leo zamu ya Profesa. Nimemwambia yote, mbele ya wote. Miezi mitatu unampa mtoto wa watu mgongo! Ulikuwa unaficha nini, siri ya serikali? Nilisema hadi maneno yakaniishia, nikayarudia ya mwanzo. Yeye anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Bosi," akasema, "mgongo ni wangu. Lakini amri ya kutompa shaba ilikuwa yako."

Mafundi wakaanza kutafuta spana ambazo hazikuwa zimepotea. Nikamwita Profesa mwongo. Fundi wangu wa miaka kumi na tisa. Akaingia ndani, akaendelea na kazi. Hilo ndilo limenichoma zaidi — angalau angenitukana.

Alhamisi, 15 Mei

Kimya kaja kuchukua viatu vyake vya kazi. Kasimama mlangoni kama mteja. Nikamwambia aketi, asijali, hicho chuo nitakishughulikia, wamezoea kuonea wanyonge. Nikaweka na kamzaha, kwamba bomba la mtihani lenyewe lilikuwa la enzi za babu yangu. Akanisubiri nimalize. Kisha akaongea, pengine maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia tangu Februari.

"Mzee, safu ya shaba kwenye daftari langu niliiacha tupu kila wiki. Nilijua siku moja utaiona, utauliza."

Nikasema, mwanangu. Akafunga viatu kwenye mfuko wa plastiki, akashukuru — akashukuru! — akaenda.

Sijala. Mke wangu kauliza nimegombana na nani tena. Nikamwambia chuo. Akasema chuo hakijawahi kunikosesha chakula.

Jumatatu, 19 Mei

Saa tatu na nusu. Benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Kimya wameshamwita, yuko ndani. Mimi shahidi, nisubiri. Mfukoni nina karatasi mbili za utetezi: ukaguzi haukufanyika, msimamizi hakufunzwa kufundisha, mtihani ulikuwa mgumu. Kila neno ni kweli. Nimezisoma mara tatu na kila mara nazidi kujichukia.

Wiki nzima hasira yangu imezunguka mji ikitafuta mtu wa kumkaba, na mwenye kosa ndiye anayenyoa uso huu.

Kilichotokea ni hiki. Wiki ya kwanza kabisa nilimwambia Profesa mfunze yule binti kila kitu, ila shaba iache. Mafundi watatu kabla yake walijifunza shaba kwangu, na wote watatu walifungua karakana zao na kuondoka na wateja wangu. Niliogopa wa nne. Nilitaka jina la mwajiri mshirika wa chuo, na mikono ya bure ya kushika taa.

Na safu tupu niliiona. Niliiona Ijumaa ya kwanza niliyosaini. Chuo hakipigi muhuri daftari lenye mapengo, na kuuliza kungeleta maswali. Kwa hiyo sikusaini tu, nilijaza. Tatu. Nne. Mbili. Ijumaa moja niliweka tano, nikaona zimezidi, nikafuta. Arobaini na moja, zote mwandiko wangu, nimeubana ufanane na wake. Mimi, mtu mzima, mwenye miwani, nimekaa naiga mwandiko wa mwanafunzi.

Kupitia mlango namsikia mkuu akimuuliza: nani alijaza? Kimya anajibu kwamba hajui.

Anajua. Nimefika mlangoni na daftari hili mkononi. Katibu ananiambia Mzee, zamu yako bado, rudi ukae. Sijarudi. Naandika nimesimama, nimeegemea ukuta, na kitasa cha mlango kina baridi. Naingia, daftari hili walisome wenyewe.