Riwaya ya Kichina Aliyopewa Dada na Mchumba Wake

Shoga, acha unachofanya usome. Dada yangu kaingia kwangu sasa hivi, miguu mitupu!

Si unajua mchumba wake alimpa ile riwaya ya Kichina, ya watu wanaojifua milimani mpaka hawafi? Leo mchana akamuuliza ameionaje.

Dada akaisifu. Ile milima, zile dawa za kutokufa, vimemnogea kweli. Ila shujaa ana kinyongo mno, akitukanwa mara moja tu anamaliza ukoo mzima.

Mchumba akatabasamu. "Mimi hapo ndipo nilipopapenda."

Nilipopapenda! Kasema hivyo hivyo.

Kisha akafungua simu, akamsomea kila neno baya ambalo dada aliwahi kumwambia yeye, na tarehe zake. Miaka miwili, shoga!

Harusi Jumamosi. Mama anasema ni utani tu. Dada anakagua komeo la mlango wangu.